Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mfumo

Kwa Mheshimiwa Mfumo,
Nyuma ya Dirisha,
Ofisi Zote, za Umma na Binafsi,
Tanzania.

YAH: OMBI LA KURUDISHIWA RITIFAA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwananchi mzaliwa wa Usukumani, mwenye akili timamu na jina la kwanza moja tu. Jina lenyewe ni Ng'washi. Naliandika hapa kwa ukamilifu wake kwa sababu karatasi bado haijaunganishwa nawe.

Nakuandikia wewe moja kwa moja kwa kuwa kila nikiuliza nani kaamua, naelekezwa kwako. Meneja hakuamua. Mhudumu hakuamua. Hata yule kijana wa kompyuta anayeitwa kutoka chumba cha nyuma, akaja huku bado anatafuna, naye hakuamua. "Mama, mfumo haukubali." Ndipo nikatambua kwamba nchi ina kiongozi asiyepigiwa kura, asiyeulizwa maswali bungeni, na ambaye siku akigoma, foleni nzima hurudi nyumbani bila kunung'unika. Shikamoo.

Nasikia kinachokukwama kooni ni ritifaa, ile alama ndogo ya juu, baina ya g na w. Ujumbe wako mwekundu ulisema jina langu lina herufi zisizoruhusiwa. Nilijiona kama abiria aliyekutwa na gongo kwenye begi. Alama hii sikuiingiza nchini kwa njia za panya, Mheshimiwa. Mtoto wa darasa la kwanza hukutana nayo siku anayofundishwa kuandika ng'ombe. Ng'ombe wa shemeji yangu wanavalishwa hereni za kielektroniki, na kwenye karatasi zao wameandikwa kwa usahihi usio na dosari. Siwaonei wivu. Nauliza tu kama naweza kusajiliwa dirisha lao.

Hoja yako naiheshimu. Wataalamu wako wameniambia ritifaa ni hatari: katika lugha ya hifadhidata ndiyo inayoonyesha maandishi yameanzia wapi na yameishia wapi. Kwa hiyo ukifika kwenye jina langu unasoma Ng, unadhani mtu ameisha, halafu unamkuta "washi" amesimama nje hana mwenyewe. Tena wahalifu wa mtandaoni wameitumia alama hiyohiyo kupenya mahali pasipo pao. Yote kweli. Lakini wataalamu haohao wanaijua dawa tangu zamani: alama iandikwe mara mbili, au jina lipelekwe kivyake, lisichanganywe na amri. (Akina O'Brien wa Ireland wanaumwa ugonjwa huuhuu, kwa hiyo usiseme ni mambo ya Wasukuma.) Na wala si alama ngeni kwa kompyuta. Imo kwenye orodha ya herufi iitwayo ASCII, nafasi ya 39, na orodha hiyo ilitoka mwaka 1963, Tanganyika ikiwa haijaungana na Zanzibar. Ritifaa imekutangulia kazini, Mheshimiwa. Ungeiamkia.

Sitakosa shukrani. Kuna kijana mmoja wa dirishani, mwenye huruma, aliyewahi kukubembeleza mpaka ukalipokea jina langu lote. Furaha ilidumu hadi nilipojaza fomu nyingine kwa simu. Simu yangu huandika ritifaa iliyopinda, ile kompyuta ya kijana iliandika iliyonyooka. Kwa macho ya binadamu ni kitu kimoja. Wewe uliona wanawake wawili, mmoja amenyooka na mwingine amepinda, ukamtaka aliyepinda alete uthibitisho wa uhusiano wake na aliyenyooka.

Matokeo yake tumekuwa wengi. Kuna Ngwashi, aliyemaliza kidato cha nne. Alizaliwa kwa kalamu ya mwalimu aliyejaza fomu za darasa zima jioni moja. Kuna N G Washi, mwenye akaunti ya benki, ambaye kwa jina anaonekana mfanyabiashara wa vipuri. Kuna Mwashi, mwenye laini ya simu, yeye aliletwa na wakala wa chini ya mwavuli aliyeniambia, "Dada, tuweke Mwashi, ni yaleyale tu." Ngwashi ana elimu lakini hana fedha. N G Washi ana fedha lakini hawezi kuthibitisha kwamba alisoma. Mwashi hupokea ujumbe wa kuwapongeza wote wawili.

Kwenye vyumba vya kusubiri ndiyo balaa. Spika inaita "Enijii Washi!" Kimya. Inaita "Ningiwashi!" Watu wanageuka kumtafuta mgeni kutoka nje. Nikisimama, mhudumu ananitazama kwa lawama, kana kwamba nimechelewa kwa makusudi.

Dawa uliyonipa ni hati ya kiapo. Nimekwenda kwa wakili, nikaapa kwamba mimi na wale wengine ni mtu mmoja, nikalipia, pakapigwa muhuri. Hapo ndipo ninapoomba ufafanuzi. Aliyekosea ni mwalimu, wakala na wewe. Aliyepanda daladala, akalipa ada na kuapa mbele ya sheria ni mimi. Sijawahi kusikia umeitwa uape kwamba wewe wa benki na wewe wa kitambulisho ni mfumo mmoja, maana kwa jinsi msivyosalimiana nina mashaka makubwa.

Usinijibu kwamba dunia nzima hufanya hivyo. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limeweka kanuni ya ile mistari miwili ya chini kwenye pasipoti, inayosomwa na mashine: ritifaa iondolewe, herufi zifuatane bila pengo. Nimeikubali, kwa sababu ni kanuni moja kwa abiria wote, na sehemu ya juu ya ukurasa huohuo jina linaruhusiwa kubaki na alama yake. Wewe dirisha hili unaifuta, dirisha lile unaweka nafasi, la tatu unanifukuza. Marekani kwenyewe, ambako neno halianzi kwa sauti ya ng', Lupita Nyong'o alitwaa Oscar mwaka 2014 na ritifaa yake ikabaki kwenye jina. Tusiwasifu kupita kiasi: usiku uleule John Travolta alimkaribisha jukwaani Idina Menzel kwa jina la Adele Dazeem.

Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Naomba siku hiyo ufungue kikao na wenzako wote, mkubaliane namna moja ya kuniandika, hata kama ni mbaya. Mbaya moja nitaizoea.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Ng'washi
(pia Ngwashi, pia N G Washi, pia Mwashi)

Viambatanisho: cheti cha kuzaliwa, kilichoandikwa kwa mkono na hakina kosa, cheti cha shule, nakala ya kadi ya benki, na hati ya kiapo, ambamo mpiga chapa wa wakili amenipa jina la tano, Nq'washi, na muhuri umeshapigwa.