Sifa za Bwana Baki

Wafalme wamesifiwa, mabibi harusi wamesifiwa, hata embe bolibo. Leo ni zamu ya Bwana Baki. Gawa siku 365 za mwaka kwa saba: unapata wiki 52, na siku moja inabaki mlangoni haina pa kukaa. Huyo ndiye mheshimiwa wetu.

Kazi yake ni kusukuma. Tarehe iliyoangukia Jumatatu mwaka huu, mwakani ataifikisha Jumanne. 29 Februari ikimpa mkono, anasukuma siku mbili kwa mpigo. Asingekuwapo, aliyezaliwa Jumatatu angesherehekea Jumatatu hadi kaburini, na mchapa kalenda angeuza mara moja kisha akatafute kazi nyingine. Wala si mbadhirifu: sura za kalenda anazoruhusu ni 14 tu, saba za miaka ya kawaida, saba za miaka mirefu. Mwenye kalenda ya 2015 ukutani asiibandue, maana 2026 inakwenda nayo siku kwa siku. (Pasaka na Idi atajitafutia mwenyewe.)

Fadhila zake anazijua zaidi mfanyakazi wa ofisini. Mei Mosi, sikukuu yake hasa, Bwana Baki aliitupa Jumamosi mwaka 2021, akaja kuitupa Jumapili 2022. Ukarimu ulioje, kumpumzisha mtu siku ambayo angepumzika tu! Mwaka 2023 ikawa Jumatatu, akasamehewa.

Wazee wa pwani walimheshimu. Mwaka wao wa Nairuzi ulikuwa na miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano juu yake, bila mwaka mrefu. Basi Siku ya Mwaka ilisogea hatua moja moja, ikazunguka wiki nzima kwa miaka saba. Moses Cotsworth wa Uingereza hakuwa na adabu hiyo. Alibuni mwaka wa miezi 13 ya siku 28, Baki akamfukuza nje ya wiki kabisa, awe siku isiyo na jina la Jumapili wala la Jumatatu. Kampuni ya Kodak ilipanga hesabu zake kwa kalenda hiyo toka 1928 hadi 1989. Wayahudi na Wasabato walipinga isienee, kwani Sabato ingeanza kutangatanga. Walimwokoa Baki bila hata kumtaja.

Wanaonung'unika bado wasubiri. Mei Mosi ya 2027 ni Jumamosi, na kwa kawaida ingefuata Jumapili. Lakini 2028 ni mwaka mrefu, kwa hiyo Bwana Baki na mwenzake wa Februari wataibeba juu kwa juu, waitue Jumatatu.