Namna ya Kupiga Radi Nachingwea

Hadithi ya sungura na zimwi ikikaa mdomoni tu, bibi yako ataisimulia vizuri kuliko wewe. Ukitaka kuipandisha jukwaani, Nachingwea au Ruangwa, lete na radi, mvua, mwezi na zimwi mwenyewe. Vyote vinapatikana hapahapa bila kuagiza kitu Dar es Salaam.

Anza na tarehe. Januari mvua itakuja na onyesho lake, na Machi mifuko imekauka. Subiri minada ya korosho ianze, pesa zianze kuingia kupitia RUNALI, chama kikuu cha ushirika kilichobeba majina ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mtu aliyelipwa korosho zake hucheka hadi safu ya nyuma.

Kisha kiwanja. Nachingwea inajua gharama ya kuleta mitambo kabla ya kuijua ardhi. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa karanga, wakachagua Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakamwaga matrekta na kujenga reli kutoka pwani, huku udongo na mvua havijachunguzwa ipasavyo. Januari 1951 mpango ukafutwa, zaidi ya pauni milioni 30 zimeteketea. Kwa hiyo kabla hujanunua ubao hata mmoja, nenda kiwanjani saa mbili usiku, saa ileile ya onyesho. Simama litakapokuwa jukwaa, mwenzako asimame mwisho kabisa, useme kwa sauti yako ya kawaida. Asiposikia, hamisha jukwaa. Spika hazitibu upepo.

Sasa radi. Tafuta bati jepesi la geji 30, lisiwe na kutu. Toboa matundu mawili juu, lining'inize kwa waya nyuma ya pazia lisiguse kitu, kisha shika pembe ya chini ulitikise polepole, halafu kwa nguvu, halafu uache mlio ufe wenyewe. Usiligonge kwa nyundo. Watu watadhani fundi anaezeka. Mvua inatoka shambani: ufuta ukizungushwa kwenye ungo ni manyunyu, mbaazi ni mvua kamili, korosho ghafi ndani ya debe ni mvua ya mawe. Anayeshika ungo awe na masikio kuliko misuli. Niliwahi kukaa kwenye onyesho la shule moja, radi ikapigwa wakati sungura anatoa jibu lake la ujanja. Watoto mia kadhaa walirudi nyumbani bila kujua zimwi alishindwaje. Radi hupigwa mtu akinyamaza.

Zimwi usimtengeneze kwa maboksi. Mikoa ya kusini ina wachezaji wa ngongoti wanaotembea juu ya miti mirefu, na mafundi wa vinyago wa Kimakonde; mwombe mmoja kwa heshima, umlipe, na umuulize ni kinyago kipi kinafaa kuonekana mbele ya watoto na kipi ni cha jando. Akiibuka gizani juu ya miti yake, taa ikimulika kutoka chini, hutahitaji moshi.

Kuna atakayeleta kamba na kapi ili mwigizaji aruke. Mkatalie. Kwenye kamba apande mwanasesere wa magunia aliyevalishwa kanga. Mtoto wa mtu abaki chini. Na mwezi usitegemee umeme wa gridi: taa ya sola nyuma ya shuka jeupe lililobanwa kwenye duara la mianzi inatosha, na haizimiki kijiji kizima kikizimika.

Mandhari ya msitu ichorwe kwa chokaa, mkaa na udongo mwekundu juu ya magunia yaliyoshonwa pamoja. Siku mbili zinatosha.

Waigizaji watajileta wenyewe ukitangaza tu. Kijana wa bati ndiye wa kutafutwa mapema: mpe mwezi mzima wa mazoezi, na jina lake liandikwe kwenye tangazo pamoja na la sungura.