Tunaiombea Mvua Dhamana

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Misaada, Maafa na Wakimbizi,
Ofisi ya Waziri Mkuu, Kampala.

Mheshimiwa,

Sisi ni wakazi wa Kasese na Bwera. Kila mafuriko yakitufika, wakubwa huja na viatu safi, hutazama, hutikisa kichwa, kisha hututajia mkosaji: mabadiliko ya tabianchi. Mshitakiwa huwa ni mmoja tu, mvua, na kwa kuwa haina wakili, hukumu hutoka kabla matope hayajakauka. Leo tumekuja kuiombea dhamana.

Hatusemi haina kosa. Mwaka 1906, mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo, alipopanda Rwenzori, mito ya barafu ilihesabiwa 43. Kufikia 2003, barafu yote iliyobaki haikutimia kilomita moja ya mraba. Haikuyeyushwa na moshi wa meko ya Bwera. Wenye viwanda huko Ulaya na Marekani wana deni, na mkienda kuwadai tunawaunga mkono, ingawa ingependeza wasiwaulize habari za bomba la mafuta la kilomita 1,443 mnalolipeleka Tanga.

Ila mvua ina washirika, na hao hatujawaona kizimbani.

Chukua mto Nyamwamba. Tarehe 1 Mei 2013 ulishuka na mawe, magogo na matope, ukaua watu na kufukuza maelfu. Mwaka mmoja na ushei kabla ya hapo, moto ulikuwa umechoma uoto wa juu, ule unaoshika maji yasiteremke kwa pupa. Huko Kilembe, kando ya mto huohuo, kuna vilima vya mabaki ya shaba. Falconbridge ya Kanada ilianza kuchimba miaka ya 1950, serikali ikaurithi mgodi, ukafungwa, mwaka 2013 ikapewa kampuni ya Tibet Hima, mwaka 2017 ikanyang'anywa. Wenye mgodi wamepokezana, lakini kifusi hakuna aliyekitaka, isipokuwa mto. Mto unakibeba kidogo kidogo kuelekea Ziwa George, bure, bila zabuni.

Na hospitali ya Kilembe je? Mwaka 2013 maji yaliingia. Miaka 7 ikapita, vikao vikakaliwa, chai ikanywewa. Mei 2020 Nyamwamba ukarudi na kuikuta hospitali palepale, ukamaliza kazi. Mteja wetu, mvua, anaomba izingatiwe kwamba hakuvamia kwa siri: alitoa notisi ya miaka 7.

Mnatushauri pia tusijenge ukingoni wala tusilime miteremkoni. Ushauri mzuri sana. Juu yetu ni Hifadhi ya Milima ya Rwenzori, iliyotangazwa 1991. Chini yetu ni Hifadhi ya Queen Elizabeth, tangu 1952. Katikati mmeweka shamba la gereza na skimu ya umwagiliaji ya Mubuku. Mtu akitii mashauri yote kwa siku moja, atajikuta amesimama na jembe lake katikati ya barabara, na barabara nayo ni mali ya serikali. Kwa hiyo tunalima palipobaki. Ndiyo, tunaula ukingo wenyewe kwa majembe yetu, na Septemba 2022 huko Rukoki mlima uliporomoka ukafukia watu wakiwa majumbani. Nasi tuandikwe kwenye hati ya mashtaka, lakini mtuandike baada ya yule aliyegawa ardhi.

Wakati wa kampeni hatujamsikia mgombea yeyote akipanda jukwaani Kasese kusema, "Ndugu zangu, hameni hapa, na kiwanja chenu hiki hapa." Tunamwelewa. Ukingoni kuna kura nyingi. Kwenye barafu hakuna hata moja.

Msaada hatuwezi kuubeza. Turubai, blanketi, posho, maharage. Ni maharage makavu mno, yanayotaka moto wa nusu siku, na hugawiwa siku ambazo kuni zote zimelowa. Waliohamia kambini Muhokya baada ya 2020 walikaa chini ya maturubai hayo kwa miaka, hadi yakachanika. Mabati yangefaa zaidi, lakini mwaka 2023 tuliona mabati ya watu wa Karamoja yalivyopotea njia, mawaziri wakafikishwa mahakamani, na mengine yakaripotiwa kuezeka banda la mbuzi. Mbuzi hao huenda ndio viumbe waliojiandaa vyema kuliko wote nchini kwa mabadiliko ya tabianchi.

Kwetu Bwera, mto Lhubiriha una serikali mbili, ya kwenu huku Mpondwe na ya Kinshasa kule Kasindi. Mwaka 2020 ulipofurika, tulijiona tumebarikiwa: walinzi wawili kwa mto mmoja. Tunaomba mtujulishe zamu yenu inaanza lini.

Jambo la mwisho, Mheshimiwa. Sheria ya Taifa ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2021, mliyoipitisha wenyewe, inamruhusu mtu yeyote kwenda Mahakama Kuu dhidi ya serikali au kampuni ikiwa kitendo chake, au uzembe wake, unakwamisha juhudi za kukabiliana na hali hii. Mvua haiwezi kuitumia. Sisi tunaweza. Tafadhali mtuandikie ni siku gani ofisi yako hupokea hati za mashtaka, na ni mlango upi.

Wako watiifu,
Wakazi wa bondeni, Kasese na Bwera