Utetezi wa Mbwa Mwitu: Hotuba Juu ya Sinema ya Pili ya Wanyama Waimbao

Waheshimiwa mashekhe, mabibi na mabwana, na ninyi watoto mlioketi mbele ambako hamkualikwa: baada ya kumhimidi Mola, na kuwashukuru waandalizi kwa kunitengea kiti chenye mikono, nawajulisheni ya kwamba mimi ndimi Bingwa wa Ilimu ya Wanyama Waimbao, cheo nilichojitunukia mwenyewe baada ya kumtafuta kwa muda mrefu mtu mwenye maarifa ya kutosha kunitunukia nikamkosa. Maudhui yetu usiku huu ni sinema ya katuni iitwayo Sing 2, iliyotolewa na kampuni ya Illumination ya Marekani mwezi wa Desemba mwaka 2021, kwa uandishi na uongozi wa Bwana Garth Jennings, Mwingereza, ambaye, kana kwamba kazi mbili hazikumtosha, ndiye pia aliyetoa sauti ya Bibi Crawly, mjusi kizee mwenye jicho moja la kioo. Watu wa kawaida huitazama sinema hii wapate kucheka. Mimi niliitazama kwa kalamu na daftari.

Kabla sijaingia katika shauri lenyewe, yanipasa niweke msingi wa tarehe, maana bingwa asiyeanzia mbali hudhaniwa hana pa kuanzia. Wanyama kusema si jambo la jana: Ibn al-Muqaffa aliwasemesha mbweha kwa Kiarabu fasaha katika Kalila wa Dimna, karne ya 8, karne mbili baadaye Ikhwan al-Safa wa Basra waliwafikisha wanyama mbele ya mfalme wa majini ili wamshitaki mwanadamu kwa dhuluma, na hapa Unguja, Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, alituhifadhia kima, papa na punda wa dobi katika kitabu alichokipiga chapa mwaka 1870. Wote hao walikuja kwa hoja. Hawa wa siku hizi, ambao kampuni yao iko California na michoro yao ikafanywa Paris, wamekuja kwa ngoma na taa. Ama huo muendelezo, yaani desturi ya kuileta hadithi mara ya pili kwa watu waliokwisha kuilipia mara ya kwanza, mwasisi wake ni Shahrazadi, ila yeye aliendeleza ili asiuawe, na Illumination waliendeleza kwa kuwa sinema ya kwanza, ya mwaka 2016, iliyogharimu dola milioni 75, iliingiza zaidi ya milioni 600. Sababu hiyo siionei aibu. Naitaja kwa kuwa ndiyo itakayomkomboa mteja wangu.

Mteja wangu ni Jimmy Crystal, mbwa mwitu mweupe, tajiri wa mahoteli katika mji wa Redshore, mji ambao kila aliyepata kuiona picha ya Las Vegas ataujua bila ya kuambiwa. Dunia nzima imemwita mdhalimu, watoto kwa wazazi wao, na hapana hata mmoja aliyeusoma mkataba.

Sikilizeni basi ukweli wa mambo. Koala mmoja, Buster Moon, mwenye jumba la michezo katika mji wa kando, aliambiwa na mbwa mkaguzi kwamba kikundi chake hakijafikia daraja ya Redshore. Badala ya kuipokea nasiha, aliwapakia wenzake katika basi, akawaingiza kwa hila katika jengo la mteja wangu wakiwa wamevaa nguo za wafagiaji, na walipofika mbele ya mwenye mali, akaahidi mchezo wa safari za angani ambao hata haujaandikwa, na juu yake akaahidi ya kuwa atakayeimba ni simba Clay Calloway, mwimbaji mashuhuri ambaye yeye Moon hajapata kumwona hata kwa mgongo. Kwa ahadi hiyo, mteja wangu alitoa ukumbi, mafundi, malazi na muhula wa wiki tatu. Muulizeni kadhi yeyote, toka Lamu hata Kilwa, mkataba uliofungwa juu ya ghururi una nguvu gani, naye atawajibu bila ya kufungua kitabu.

Na hapa, kwa idhini yenu, nitapinda kidogo njia, kwani ilimu ya tabia za viumbe yatupa ushahidi mwingine. Koala wa Australia, kwa sababu ya kula majani ya mkaratusi yenye lishe haba, hulala hata saa 20 kwa siku. Ina maana kwamba Bwana Moon, katika saa nne zilizosalia, alipata wasaa wa kula, kuendesha jumba la michezo na kusema uwongo, jambo ambalo kwa upande wa bidii ni lazima tulistahi. Fauka ya hayo, wataalamu waligundua mwaka 2013 kwamba koala dume ana nyuzi za ziada za sauti, nje ya zoloto, zinazompa mngurumo mzito usiolingana kabisa na umbo lake. Hidaya iliyoje! Na watengenezaji wamefanya nini nayo? Wamemfanya meneja. Ilhali tembo, ambaye miito yake mingi ni mizito hata haifiki katika upeo wa sikio la mwanadamu, wamemfanya msichana mwenye haya, Meena, aimbaye nyimbo za mahaba. Bibi Rosita, mama wa watoto 25, ambaye jinsi yake sitaitaja kwa heshima ya mashekhe waliohudhuria, namwachia mwanachuoni mwingine.

Turudi kwa simba. Clay Calloway amejifungia kwake miaka 15 tangu kufiwa na mkewe Ruby, na kila amwendeaye hufyatuliwa rangi. Bibi Crawly alirudi ametapakaa. Watoto hulia hapa. Mimi nilipiga hesabu: sheria imemwekea mwanamke aliyefiwa eda ya miezi minne na siku kumi, na mwanamume hakuwekewa hata siku moja, na huyu amejiwekea kumi na tano kwa kipimo cha miaka! Lakini nungunungu aitwaye Ash alipokwenda kuketi kibarazani pake, akampigia gitaa nyimbo zake yeye mwenyewe simba, bila ya kumhubiria, kalamu yangu ilisimama. Hapo pana ustadi ambao sikuuona mahali pengine popote katika sinema hii, nami nausajili.

Sasa ulizeni: sauti ya simba huyo ni ya nani? Ni ya Bono, wa kundi la U2 la Ireland, na wimbo anaorudi nao jukwaani ni wa U2 wenyewe, wa mwaka 1987. Hapa ndipo shauri lilipogeuka mikononi mwangu. Mteja wangu alisema hatafungua mfuko wake pasipo mwimbaji mkuu atakayewavuta watu. Kwa neno hilo akachorwa kuwa mwovu, mwenye meno na suti. Kisha hao hao waliomchora wakaenda, kwa bajeti ya dola milioni 85, kumtafuta mwimbaji mkuu atakayewavuta watu. Na watu wakavutika: katika zama za maradhi ya korona, sinema ikaingiza zaidi ya milioni 400. Rai ya mbwa mwitu, basi, ilikuwa sahihi kwa ushahidi wa washitaki wake, walioifuata hatua kwa hatua huku wakimtukana.

Mpinzani atasimama aniambie: walakini Crystal alimtundika Bwana Moon juu ghorofani, akamfungia ndani, na mwishowe akamwachia aanguke mbele ya hadhara. Ni kweli. Hayo nayahesabu kuwa ni makosa ya utaratibu. Atasema tena kwamba alimsukumia bintiye Porsha katika nafasi ya kwanza asiyoiweza. Nami nitamwuliza mpinzani huyo, kwa upole, kama amepata kufanya kazi katika ofisi yoyote.

Sinema yaishia mteja wangu akichukuliwa na polisi, na mwongo akiitwa kupeleka mchezo wake katika jumba kubwa zaidi. Hukumu yangu, ambayo haina rufaa kwa kuwa hapana bingwa wa juu yangu, ni hii: Jimmy Crystal aachiliwe na kurudishiwa ukumbi wake, Bwana Moon alipe gharama za shauri, na ikiwa pana sinema ya tatu, isichorwe hata picha moja kabla ya kuletwa kwangu. Maswali yaandikwe, na yale ya kunisifu yatangulie.