Kadi Mpya, Bati Lilelile

Anayetaka kufedheheshwa na mashine anunue kadi mpya ya sauti, kisha arekodi wimbo Tukuyu mwezi wa Aprili. Fedha ya parachichi imekwisha, kasha limefunguliwa mbele ya mashahidi, hedifoni zimevaliwa kwa heshima zote, na kinachosikika kwanza ni mvua juu ya bati: safi, pana, kila tone mahali pake. Mwimbaji naye yumo, kwa mbali, anaitikia. Kadi ya zamani angalau ilikuwa na huruma ya kuficha. Hoja yangu ni kwamba kwa anayerekodi nyumbani wilayani Rungwe, kadi ya sauti ndiyo ya kubadilishwa mwisho, nasi tunaanza nayo kwa sababu ina namba kubwa zilizochapwa juu ya kasha.

Tuitendee haki kwanza, maana kazi yake inastaajabisha. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Maikrofoni huugeuza kuwa umeme unaopanda na kushuka. Kadi huupima umeme huo na kuandika namba. Kwa kiwango cha CD, kinachotumika tangu miaka ya 1980, hupima mara 44,100 kila sekunde. Sikio la binadamu, likiwa bado changa, husikia mitetemo hadi 20,000 kwa sekunde, na kanuni ya Nyquist na Shannon inataka vipimo vizidi maradufu ya hapo. Basi 40,000 na ushei zingetosha. Hiyo 4,100 inayoning'inia ilitoka wapi? Wahandisi wa mwanzo walihifadhi namba hizo kwenye kanda za video, na 44,100 ndiyo iliyoingia sawasawa katika mistari ya picha ya televisheni. Kwaya inayorekodi leo Kiwira inapimwa kwa mistari ya televisheni za zamani, na hakuna aliyewahi kuulizwa kama anakubali. Kisha kila kipimo kina biti zake: biti 16 hutoa ngazi 65,536 za ukubwa wa sauti, biti 24 hutoa 16,777,216. Kila biti huongeza takriban desibeli 6 kati ya mnong'ono wa mwisho na kelele ya mwisho, kwa hiyo 16 hufika 96, na 24 hufika 144. Hizo 144 ziko kwenye karatasi tu, kwa sababu joto la saketi zenyewe hutoa mvumo wake, na hakuna kadi ya dukani inayozifikia.

Sasa tuzipeleke namba hizo chini ya bati. Tukuyu, kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ndiyo inayolea chai na migomba, na hakuna mwenye akili anayetaka ipungue. Chumba tulivu huwa na kelele ya desibeli 30 hivi. Mvua kubwa kwenye bati lisilo na dari hupita 70 bila kutoka jasho, na mwimbaji aliyesimama mita moja kutoka kwenye maikrofoni huizidi kwa desibeli 10, au 20 akiwa na hasira. Kadi ya zamani ilikuwa na nafasi ya 96. Ile mpya imeleta nafasi ya kuhifadhi ukimya ambao chumbani haumo. Ni sawa na kumpa karani wa chai mizani ya kupima hadi gramu, ilhali majani yaliyomo kikapuni yameloa.

Atakayepinga atasema kadi iliyozaliwa ndani ya kompyuta hunasa kelele za umeme wa saketi jirani. Ni kweli, na kifaa cha nje cha USB huiponya aibu hiyo. Ataongeza habari ya kuchelewa kwa sauti: kompyuta ikikusanya vipimo 1,024 kwa mkupuo wakati wa kuingia na tena wakati wa kutoka, sauti huchelewa milisekunde 46 hivi, na mwimbaji hujisikia akiwa mita 16 hivi kutoka alipo yeye mwenyewe. Ni kweli pia, ila mara nyingi mkupuo huo hupunguzwa kwenye programu, bure. Je, studio za mjini? Studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam iliwarekodi wanabendi wa NUTA Jazz na Mlimani Park kwenye kanda za sumaku, zenye nafasi ndogo kuliko hizo biti 16 tunazozidharau, na nyimbo hizo zinapigwa hadi leo. Wao walikuwa na chumba kilichojengwa kwa kurekodia na wapigaji waliokuwa wamezoeana. Na sisi, baada ya kadi mpya? Mvumo wa hezi 50 wa nyumba isiyo na ethi: upo palepale. Jogoo: yupo, na sasa anasikika hadi pumzi ya mwisho. Umeme ukikatika, kasha halisemi neno.

Ucheshi unaniishia kwenye draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi. Kadi nzima, isiyoungua hata waya, hugeuka takataka siku kampuni inapoamua kutoiandikia programu ya Windows mpya. Kisha inauzwa kwetu kama mtumba, na mnunuzi anagundua baada ya nauli. Na mtazame anayeuziwa: Kanisa la Moravian lilifika Rungwe mwaka 1891. Kwaya zake zilijua soprano, alto, teno na besi kabla kompyuta haijabuniwa. Leo zinaambiwa dosari ya sauti zao inatibiwa dukani. Huo ni utapeli, hata muuzaji akiwa anauamini.

Kila umbali kati ya mdomo na maikrofoni unapopungua nusu, sauti hupanda desibeli 6 na mvua hubaki ilivyokuwa. Kutoka mita moja hadi sentimita 12.5 ni desibeli 18, yaani biti tatu nzima bila senti. Kusogea ndiyo hatua ya kwanza. Ya pili ni silingi bodi, ya tatu godoro kuukuu ukutani, ya nne kurekodi Agosti. Kadi iwe ya tano, ikiwa fedha bado ipo.