Namna ya Kunyonywa Damu kwa Heshima Zote

Mtu hanyonywi damu kwa bahati mbaya. Hujiandaa. Na maandalizi yenyewe yameshaandikwa: Bram Stoker, Mwairishi aliyekuwa meneja wa ukumbi wa Lyceum jijini London, aliyapanga yote katika riwaya ya Dracula mwaka 1897. Kazi yako ni kufuata tu.

Anza kama Jonathan Harker, wakili kijana anayetumwa Transylvania kumkamilishia mteja ununuzi wa nyumba huko Uingereza. Ukifika Bistritz, bibi wa hoteli atapiga magoti akusihi usiende, kwa kuwa ni mkesha wa Mtakatifu George na usiku wa manane mabaya yote hutoka. Atakuvika msalaba shingoni. Mshukuru, upande gari la farasi. Wakianza watu kunong'ona huku wakikutazama kwa huruma, toa kamusi uyatafute maneno yao. Harker aliyapata: shetani, jehanamu, mchawi, mnyonya damu. Kisha akajiwekea kumbukumbu kwenye shajara kwamba akifika amwulize mwenyeji wake kuhusu ushirikina huo! Hiki ni kipaji. Kumbukumbu yake nyingine ya safari ilihusu kuku wa paprika, ili mchumba wake Mina apate kujua anavyopikwa.

Mlangoni mwenyeji hatakuvuta. Atasimama kama sanamu, akungoje uvuke kizingiti kwa hiari yako, kwani wanyonya damu wana adabu zao. Hata yeye mwenyewe haingii nyumba ya mtu mpaka mmoja wa waliomo amkaribishe kwanza. (Sisi tunaoitikia "karibu" tukiwa jikoni, kabla hata ya kujua nani kapiga hodi, tungempunguzia kazi sana.) Ndani usiulize kwa nini jumba zima halina mtumishi, wala kwa nini mwenyeji hagusi chakula. Siku utakayomchungulia akikutandikia kitanda kwa mikono yake, mlango wa nje utakuwa umefungwa zamani.

Tusimcheke Harker peke yake, maana anayestahili kutazamwa hapa ni mwenyeji wake, mzee Dracula. Jioni moja Harker alimkuta amejilaza kwenye sofa anasoma kitabu cha ratiba za treni za Uingereza. Jioni nyingine Dracula akamwuliza kama huko mtu huruhusiwa kuwa na mawakili wawili au zaidi, huyu wa benki, yule wa mizigo, ili asiwepo anayejua shughuli zote. Harker akaona huyu angekuwa wakili hodari kweli. Ndipo ilipofichwa taharuki ya riwaya nzima: kila mtu apewe kipande chake, na kipande cha mwenzake asikione. Dracula alikusudia kuigawa siri yake kwa mawakili, ila alipofika Uingereza akakuta wenyeji wameshaigawa wenyewe, kwa upole na malezi mema.

Ukitaka mfano, ingia nyumbani kwa Lucy Westenra. Lucy anafifia. Daktari Seward, mmoja wa wanaume watatu waliomposa kwa siku moja, anamwita mwalimu wake Van Helsing kutoka Amsterdam. Profesa anahisi ugonjwa ni nini, hamwambii mtu. Anaagiza maua ya kitunguu saumu kutoka Haarlem, anakijaza chumba, anamvika binti shada shingoni. Mama mtu haambiwi kitu. Ana moyo mbovu, asije akashtuka. Mama naye hajamwambia bintiye kwamba madaktari wamempa miezi michache tu. Basi usiku mama anaingia, anaona harufu imezidi, anayaondoa maua yote na kufungua dirisha ili mwanawe apate hewa. Asubuhi anamsimulia profesa kwa fahari. Ukiweza kupata mama mwenye mapenzi kama yale na daktari mwenye siri kama yule chini ya paa moja, huhitaji popo.

Babu zetu waliohofia mumiani na wazimamoto, waliodhaniwa kunyonya watu damu, enzi za ukoloni hawangeiweza nyumba hii. Wao walisimuliana. Habari ilitoka sokoni ikafika kisimani, na hata kama haikuwa ya kweli, hakuna aliyenyimwa kwa sababu ya moyo mbovu.

Damu ya Lucy ikiisha, iongezwe. Wanaume wanne walimpa yao: Arthur mchumba wake, Seward, Van Helsing, na Quincey Morris wa Texas. Makundi ya damu yalikuja kuelezwa na Karl Landsteiner mwaka 1901, kwa hiyo zile damu nne ziliingia bila kupimwa, na lawama zote akabebeshwa Dracula. Arthur hakuambiwa kuhusu wale watatu wengine. Binti alipozikwa, akasema kwamba kwa damu ile alijiona wameoana kweli, na wenzake wakatazama pembeni.

Usisahau pia kuandika anwani nusunusu. Simu ya maandishi ya Van Helsing, iliyomwamuru Seward asikose kulinda nyumba ya Lucy usiku mmoja binti alipokuwa angali hai, haikutaja jimbo. Ikapelekwa Sussex kwanza, ikamfikia ikiwa imechelewa saa 22.

Seward mwenyewe ni wa kuigwa. Hospitali yake ya wagonjwa wa akili imepakana na Carfax, nyumba ileile Harker aliyomnunulia Dracula. Mgonjwa wake Renfield analisha buibui nzi, analisha shomoro buibui, kisha anaomba paka, na siku moja anatangaza kwamba bwana wake yuko karibu. Daktari anayarekodi yote kwenye fonografu. Baada ya miezi ndipo anagundua hajui atakipataje kipande anachokitaka. Wenye sauti za mikutano zilizojazana kwenye simu zao watamwonea huruma.

Hatari kwa mpango wako ni Mina mwenye taipureta. Anakusanya shajara, barua, simu na vipande vya magazeti, anavipanga kwa tarehe, anachapa nakala tatu, na kila mtu anasoma alichokuwa akijua mwenzake. Hapo chukua hatua upesi kama walivyofanya waungwana wale: walimshukuru, wakamwambia kazi iliyobaki si ya mwanamke, akalale. Wao wakaenda Carfax kuhesabu masanduku ya udongo ya Dracula, wakakuta 29 kati ya 50. Dracula akaenda kwa Mina. Asubuhi walimwona amepauka, wakaafikiana kwamba wamefanya vyema kumwepusha na mashaka.

Kuanzia hapo mwongozo unaharibika. Dracula anachoma maandishi, kumbe nakala nyingine imo kwenye sefu. Anakimbia kwa meli, na anayebaini atapita mto gani ni yuleyule Mina, ambaye naye ratiba za treni anazijua kwa moyo. Tarehe 6 Novemba, jua likizama, Dracula anakufa kwa visu viwili na mistari michache.

Miaka saba baadaye Harker anafungua makaratasi na kukuta karibu yote ni ya taipureta. Nyaraka halisi hazipo. Akiyapeleka ofisini kwetu, karani atayageuza mara moja, atamrudishia dirishani na kumwambia alete orijino.