Sifa za Mwenye Swali Moja Tu

Kila kikao cha viongozi wa skauti hapa Machakos kina mtu wake. Ajenda zimekwisha, katibu ameshafunika kalamu, wanaokwenda Kathiani na Masii wanaanza kuhesabu nauli, na ndipo anaponyosha mkono: "Mwenyekiti, swali moja tu." Madawati yanalia. Mtu anatazama saa kwa namna ambayo wote wataiona. Swali lake huwa na watoto na wajukuu, na daima linahusu kanuni: barua za wazazi ziko kwa nani, mtoto wa pumu ana dawa yake, msichana akiugua usiku atapelekwa hospitali na nani. Wenzake humwita msumbufu. Mimi nimekuja kumsifu, na sifa zangu hazina fumbo ndani yake.

Anayemlaumu hana budi kuwafahamu kwanza watu walio chumbani humo. Skauti imekuwepo Kenya tangu 1910, na muda huo wote imebebwa na watu wasiolipwa. Wengi ni walimu wa shule za msingi na sekondari. Wengine ni vijana waliopitia Sungura, Chipukizi na Mwamba, sasa ni Jasiri na wanasaidia pale walipolelewa. Yuko mama aliyekuja kumtazama mwanawe akila ahadi na hakuondoka tena. Sare wamejinunulia. Wachache wana shanga mbili za mbao shingoni, alama ya kozi ya Wood Badge, na hata hizo haziongezi shilingi mfukoni. Wanakutana Jumamosi, baada ya juma zima la kazi, kwenye madawati ya watoto ambayo magoti yao hayaingii chini yake.

Mtu wa aina hiyo huwezi kumwamrisha. Mwajiri anaweza kukata mshahara na mkuu wa shule anaweza kuandika barua ya onyo, lakini kamishna wa skauti akimfokea kiongozi wa kujitolea atamkosa Jumamosi ijayo, na watoto 30 watakaa uwanjani bila mtu. Kanuni haina njia ya kumwingia isipokuwa aipinge, ajibiwe, aipinge tena, kisha aikubali kwa akili yake mwenyewe. Njia hiyo huchukua muda mrefu, na muda huo mwenye swali huutoa kwenye Jumamosi zetu.

Mfano ni suala la kuruka kichura. Mtoto amechelewa kwenye gwaride, kiongozi anamwambia aruke kichura kuzunguka mlingoti wa bendera. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inamkinga kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko na vitendo vya kudhalilisha, na Sheria ya Watoto ya 2022 imezidi kukaza. Hayo kila mmoja kikaoni anayajua. Lakini kichura, anasema mwalimu mmoja, ni zoezi tu; hata jeshini wanaruka. Mwenye swali anauliza: waliowahi kufika nao wanaruka? Hapana. Basi si zoezi, kwa maana zoezi ni la wote. Kimya kidogo. Mwingine anapendekeza anayechelewa aoshe sufuria. Hapo msumbufu anasimama tena: kuosha sufuria kambini ni zamu ya kila patroli, kile kikundi kidogo cha watoto, na tukiigeuza kuwa adhabu, kesho nani ataifanya kwa moyo? Mtoto mwema ataona aibu kushika sufuria.

Mjadala huo nimeusikia ukila alasiri nzima, na niliutazama ukibadilisha watu. Mwalimu aliyetetea kichura alianza kwa kusema watoto wa siku hizi wamedekezwa. Baadaye akasema kwamba yeye mwenyewe alirushwa hivyo alipokuwa mdogo na hakuona ubaya. Halafu akanyamaza, na aliposema tena alitaka kujua anayechelewa afanyiwe nini, kwa sababu lazima kuwe na kitu. Walipokubaliana kwamba anayechelewa atajieleza mbele ya kiongozi wa patroli yake, mtoto mwenzake, na kwamba patroli nzima itapoteza alama, mwalimu yule ndiye aliyeomba iandikwe. Waraka kutoka Nairobi ungeweza kulisema jambo hilo kwa mistari miwili. Angeusoma, angeukunja, na Jumatatu mtoto angeruka.

Suluhisho lenyewe, ukilitazama vizuri, limetoka kwenye chanzo cha skauti. Baden-Powell alipoitisha kambi ya kwanza katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwezi Agosti 1907, aliwagawa wavulana wachache katika patroli nne na kuwapa viongozi wa rika lao. Mzee huyo alimalizia maisha yake hapa kwetu, Nyeri, akafariki Januari 1941, na kila mwaka karibu na tarehe 22 Februari, siku aliyozaliwa yeye na pia mkewe Olave, skauti hukusanyika kwenye kaburi lake.

Safari hiyo ya Nyeri ni sikukuu ya mwenye swali. Kutoka Machakos unapita Thika, Sagana na Karatina, na bei ya gari ndiyo hufungua majadiliano. Matatu ya abiria 14 na watoto 20 wembamba: wakibanana kidogo, pesa zinatosha. Yeye anakumbusha kwamba sheria za usalama barabarani ziitwazo za Michuki zilipoanza kutumika Februari 2004, kila abiria alipewa kiti na mkanda wake, na hakuna mahali paliposema mtoto ni nusu abiria. Anajibiwa kwamba basi watoto kadhaa watabaki nyumbani na watalia. Ni jibu zito. Sijawahi kumwona akilidharau. Anauliza kama michango inaweza kuahirishwa, kama skauti wa shule ya jirani wana nafasi kwenye basi lao, kama viongozi wawili wanaweza kwenda kwa gari la abiria la kawaida ili viti vyao vipewe watoto. Mara nyingi njia hupatikana, ila hupatikana saa moja baada ya muda wa kikao kwisha.

Kisha saa ya kurudi. Sherehe huchelewa, wageni wa heshima huchelewa zaidi, na yeye anataka gari litoke Nyeri mchana ili watoto wasisafiri usiku. Na katika gari hilo, nani ana mamlaka ya kumwambia dereva asimame? Ukambani swali hilo halihitaji maelezo. Tarehe 4 Desemba 2021, katika kaunti jirani ya Kitui, basi lililobeba wanakwaya na wenzao waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu uliokuwa umefurika, likapinduliwa na maji, na zaidi ya watu 30 wakafa. Wengi wetu tumeiona video. Kanuni iliyotokana na ubishi juu ya jambo hili naiona bora kuliko nyingi zilizochapishwa: mtu mzima yeyote aliye garini anaweza kusimamisha safari bila kura, na dereva huambiwa hivyo kabla ya kupokea malipo ya kwanza.

Tatizo la usalama wa watoto safarini ni la zamani. Tarehe 4 Agosti 1912, mashua ya skauti kutoka Walworth, London, ilipinduka karibu na Leysdown na wavulana tisa wakazama. Skauti ilikuwa na umri wa miaka mitano tu. Kila nilipousikia mjadala wa kwetu juu ya Fourteen Falls nimewakumbuka wale tisa. Maporomoko hayo ya Mto Athi yako karibu na Kilimambogo, na mtoto aliyepanda ule mlima wa mita 2,145 akashuka na jua la saa nane mgongoni anataka kitu kimoja tu, maji. Mto huo umeua wengi. Mlimani kwenyewe kuna nyati, na askari wa hifadhi huandamana na wanaotembea kwa miguu, kwa hiyo huko kanuni ina bunduki ya kuilinda. Kule mtoni hakuna askari. Kuna viongozi wawili waliochoka na watoto wanaosema, "Mwalimu, tunaosha miguu tu." Uamuzi wa kutoingia majini lazima uwe umefanywa wiki tatu kabla, chumbani, na kila mmoja awe ameusikia ukipingwa na ukishinda.

Kanuni inayoleta ubishi mkali kuliko zote ni ile ya watu wazima wawili: kiongozi hakai peke yake na mtoto mahali wasipoonekana, na halali hema moja na watoto. Shirika la Skauti Duniani lina sera yake ya kulinda watoto na mafunzo ambayo viongozi huyapitia. Karatasi zipo. Ubishi wetu unatokana na hali zetu. Shule nyingi za vijijini zina kiongozi mmoja tu wa skauti. Ukisema wawili, umefunga kikosi. Zaidi ya hapo, mwalimu aliyetoa Jumamosi zake kwa miaka mingi anasikia kana kwamba ameshukiwa, na uchungu wake ni wa haki.

Msumbufu huwaambia yaliyotokea Marekani. Makao makuu ya Boy Scouts of America yalitunza kwa miongo mingi mafaili ya siri ya viongozi walioshukiwa kudhulumu watoto. Waliyajua watu wa ofisini. Mzazi na kiongozi wa kujitolea aliyekuwa na watoto porini hawakuyajua. Kanuni ya watu wawili ikawa ya lazima katika miaka ya 1980, ikiwa imechelewa mno. Februari 2020 chama hicho kiliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, watu zaidi ya 82,000 wakajitokeza na madai, na mfuko wa fidia ukafikia dola bilioni 2.46. Kwangu mimi idadi ya watu hao inauma kuliko pesa. Ndiyo maana napenda ubishi wetu ufanyike kwa sauti, mbele ya kila mtu, hata ukimuumiza mwalimu mwema. Kanuni ya wawili inamlinda na yeye: siku neno likisemwa juu yake, kuna mwenzake aliyekuwepo.

Na ile shule yenye kiongozi mmoja? Nilichoona ni shule mbili kukutana kwenye uwanja mmoja, na akina mama kualikwa kukaa kwanza kama mashahidi, halafu kama wasaidizi, halafu kama viongozi kamili. Hakuna aliyepanga hivyo. Walisukumwa na swali ambalo mtu alikataa kuliacha.

Wapo wanaosema mambo haya yanazidi, kwamba skauti ni michezo, moto wa kambi na nyimbo, na kwamba mtoto hulindwa na Mungu. Hawa ni majirani zangu na nawaheshimu. Lakini sisi ndio kaunti ya shule ya Kyanguli. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, wanafunzi 67 waliteketea bwenini. Mlango mmoja ulikuwa na kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Miaka mitatu kabla, wasichana 26 walikuwa wamekufa vivyo hivyo kule Bombolulu, Kwale, na nchi nzima ilikuwa imesikia. Mwongozo wa usalama shuleni ukatolewa mwaka 2008, wenye milango inayofunguka kwa nje na madirisha yasiyo na vyuma, na bado shule zimeendelea kuwaka moto. Ningependa kila bweni katika nchi hii liwe na mtu wa kuchosha, anayeshika kufuli kila jioni na kuuliza ufunguo uko kwa nani.

Namsifu pia kwa sababu haulizi upande mmoja tu. Ilipopendekezwa kwamba asiye na sare kamili asiende kambini, ndiye aliyetaka kujua bei ya sare na ni wazazi wangapi wa Mwala au Yatta wangeimudu katika mwaka wa ukame. Akapinga hadi skafu peke yake ikakubaliwa. Hapo waliokuwa wakimwita mtumwa wa kanuni walikosa la kusema. Anaigeuza kila kanuni aone inamlinda nani na inamfungia nani nje, na akiona inamfungia mtoto maskini bila kumlinda yeyote, huisumbua kwa nguvu zile zile.

Gharama yake ni kweli. Vikao vinarefuka, na wapo viongozi wazuri ambao wameacha kuja. Safari moja au mbili zilifutwa watoto wakiwa wameshafunga mikoba. Siwezi kuwaambia watoto hao kwamba hawakupoteza kitu.

Sasa limebaki suala la picha. Viongozi hupiga watoto picha kambini na kuzituma kwenye makundi ya WhatsApp, zenye sura, jina la shule na mahali walipo usiku ule. Wazazi huzipenda, kwani kwa aliye mbali kikazi ndiyo njia pekee ya kumwona mwanawe akifunga fundo. Msumbufu anataka picha zitumwe baada ya watoto kurudi, na kwa wazazi wa kikosi hicho peke yao. Wengi wanampinga. Mimi nitakaa upande wake, na nimeomba ajenda hiyo iwekwe ya kwanza, kabla ya chai, watu wakiwa bado na nguvu ya kubishana.